Ripoti ya uchovu wa rubani: namna ya kuiandika mpaka ifanyiwe kazi (mwongozo kamili kwa wanaoruka kutoka Lubumbashi)

Ripoti nyingi za uchovu zinakufa kwa sentensi moja. Rubani anaandika: "Nilikuwa nimechoka sana kwa sababu ya ratiba mbaya." Anasaini, anapeleka, anangoja. Jibu likija linasema ratiba ilikuwa ndani ya mipaka ya sheria, na faili linafungwa.

Aliyejibu hivyo hakudanganya. Mipaka ya muda wa kazi inapima saa kati ya kuripoti kazini na kumaliza. Haipimi usingizi ulioupata. Unaweza kuwa ndani ya sheria kabisa na bado usifae kushika usukani. Kazi ya ripoti ni kuonyesha pengo hilo kwa saa na dakika, ili aliyekaa ofisini alione bila kukubembeleza wala kukushuku.

Mwongozo huu ni wa marubani, lakini wahudumu wa ndani ya ndege na mafundi wanaweza kufuata hatua zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Fomu ya ripoti ya usalama ya kampuni yako. Kama hakuna fomu ya uchovu peke yake, tumia ya kawaida.
- Ratiba mbili: iliyotangazwa mwanzo, na kazi ilivyokwenda kwa kweli. Tofauti kati yao ndiyo mara nyingi inabeba kisa chote.
- Nakala ya sura ya mipaka ya muda wa kazi na mapumziko kutoka kitabu cha uendeshaji cha kampuni. Ni haki yako kuisoma, iombe.
- Kitabu chako cha saa za kuruka.
- Daftari dogo au simu ya kuandikia saa za kulala na kuamka.
- Nakala mbili za ripoti ukiipeleka kwa mkono. Ya pili ni yako, na lazima irudi na muhuri.

Daftari la usingizi ndilo linalokosekana karibu kila mara. Lianze leo, hata kama huna cha kuripoti. Ukingoja mpaka siku ya tatizo, utakuwa unabahatisha saa za juzi, na msomaji atalitambua hilo mara moja.

## Hatua ya 1: Amua kwanza kama unaruka

Kuripoti na kujitoa ni mambo mawili. Ripoti inarekebisha safari za kesho. Safari ya leo inalindwa na neno moja tu: siruki. Wako wanaopanda ndege wamechoka wakijiambia, "Nitaandika nikirudi." Huko ni kuwaweka abiria rehani.

Jipime kwa kipimo cha Samn-Perelli, kinachotumiwa na mashirika mengi ya ndege duniani. Kina ngazi 7:

1. Niko macho kabisa.
2. Niko mchangamfu, ingawa si kileleni.
3. Niko sawa, nina nguvu kiasi.
4. Nimechoka kidogo.
5. Nimechoka kwa kiasi cha kuonekana, nguvu zimeshuka.
6. Nimechoka sana, kukaza mawazo ni shida.
7. Nimekwisha, siwezi kufanya kazi ipasavyo.

Ukiwa kwenye 6 au 7 kabla ya kuripoti kazini, usiruke. Ukiwa kwenye 5 na mbele yako kuna siku ndefu, hesabu utakavyokuwa wakati wa kutua kwa mwisho. Wakati wa kuondoka si kipimo.

Piga simu biro ya operesheni na useme kwa ufupi: "Najitoa kwenye safari ya leo kwa sababu ya uchovu. Sasa ni saa 02:40 UTC. Ripoti itafuata." (UTC ni saa ya pamoja ya usafiri wa anga duniani; hatua ya 3 inaieleza.) Usianze kubishana kuhusu ratiba kwenye simu. Andika jina la aliyepokea na saa.

Kama wewe ni rubani msaidizi na mwenzako ni mtu mzima aliyekufundisha kazi, maneno yanakuwa mazito mdomoni. Sema mapema, kabla ya kupanda, na kwa heshima: "Komanda, samahani. Usiku sikulala, niko kwenye sita. Leo siwezi kukusaidia vile inavyotakiwa." Komanda mwenye busara atashukuru. Akikasirika, neno lako linabaki palepale.

Onyo: homa ya malaria, na dawa zinazoleta usingizi, ni mambo ya ugonjwa. Njia yake ni daktari wa anga. Ukiita malaria uchovu, unaharibu rekodi ya mambo yote mawili.

Utajua umefanikiwa ukiwa na jina la aliyepokea taarifa na saa aliyoipokea, na ndege iko chini au ina rubani mwingine.

## Hatua ya 2: Uchovu ukikukuta angani

Mwambie mwenzako palepale. Rubani anayesinzia kimyakimya ni hatari kuliko anayesema. Tarehe 25 Januari 2024 marubani wote wawili wa Batik Air, Indonesia, walilala kwa dakika 28 wakitoka Kendari kwenda Jakarta. Abiria wote walifika salama. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani msaidizi alikuwa na watoto mapacha wa mwezi mmoja nyumbani. Mwaka 2022, ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum iliupita uwanja wa Addis Ababa bila kushuka, na iliripotiwa kwamba marubani walikuwa wamelala.

Kulala kidogo kitini kwa zamu kunaruhusiwa pale tu kitabu cha kampuni kinaporuhusu, na kwa masharti yake: mmoja kwa wakati, wahudumu wakijua. Ukiamka, akili inabaki nzito kwa muda. Usipokee usukani papo hapo.

Andika saa ya tukio kwenye karatasi ya safari. Neno moja na saa vinatosha. Maelezo utayaandika chini.

## Hatua ya 3: Weka saa zote kwa UTC

Hapa ndipo ripoti za kwetu zinapoharibika zaidi. Lubumbashi iko mbele ya UTC kwa saa 2. Kinshasa iko mbele kwa saa 1. Rubani aliyelala Lubumbashi na kufanya kazi hadi Kinshasa akichanganya saa za miji hiyo, hesabu yote inateleza kwa saa nzima, na msomaji wa Kinshasa anasoma mambo mengine kabisa. Halafu kuna "saa kumi" ya alfajiri, ambayo kwa mwingine ni saa 10:00 asubuhi.

Dawa ni moja. Andika UTC kwa tarakimu nne, na kwenye mabano saa ya Lubumbashi, kwa sababu ndiyo saa ambayo mwili wako umeizoea. Mfano: aliamka 02:00 UTC (04:00 Lubumbashi).

Saa ya mwili haina mchezo. Kati ya saa 02:00 na 05:59 kwa saa ya mahali ulipozoea kulala, uangalifu wa binadamu unashuka hadi chini kabisa, hata kama amelala vizuri. Ukiamshwa ndani ya kipindi hicho, ripoti iseme hivyo waziwazi.

Fanya kazi hii siku ileile. Kesho utakumbuka hasira. Dakika zitakuwa zimepotea.

## Hatua ya 4: Hesabu usingizi, usihesabu mapumziko

Unahitaji namba tatu:

- Saa ulizolala ndani ya saa 24 kabla ya kuripoti kazini.
- Saa ulizolala ndani ya saa 48.
- Saa ulizokuwa macho tangu uamke mpaka tukio au kutua kwa mwisho.

Kulala ni kulala. Kujinyoosha kitandani ukisikiliza jenereta ya jirani si kulala. Watu wengi wazima wanahitaji saa 7 hadi 9 kwa usiku mmoja, kwa hiyo aliyelala saa 9 ndani ya usiku mbili ana deni la kutisha.

Namba ya tatu ina uzito wake. Watafiti wa Australia waliopima watu mwaka 1997 walikuta kwamba baada ya saa 17 macho, utendaji unashuka sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna kampuni itakayomruhusu rubani wa namna hiyo kupanda. Ukikaribia saa hizo, ziandike kwenye mstari wa kwanza wa ripoti.

Andika pia sababu za nyumbani: mtoto mchanga, msiba, joto la Oktoba umeme ukiwa umekatika. Wengi wanazificha wakiogopa kuambiwa, "Hayo ni yako." Kisha mkaguzi anakuta saa 10 za mapumziko kwenye karatasi na hakuna maelezo kwa nini usingizi ulikuwa saa 3, na ripoti nzima inaonekana ya kutunga.

## Hatua ya 5: Eleza kilichotokea, acha hukumu

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataja vyanzo vinne vya uchovu: kukosa usingizi, kukaa macho muda mrefu, saa ya mwili, na uzito wa kazi. Panga maelezo yako kwa vyanzo hivyo vinne. Msomaji wa ofisi ya usalama amefundishwa kufikiri hivyo, na ukimpa kwa mpangilio wake hana pa kukwepea.

Baada ya hapo, andika ulichofanya au ulichokosa kufanya. Kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukiona kina nguvu kuliko "nilijisikia vibaya". Taja:

- wito wa redio uliopitwa;
- namba uliyoweka vibaya au uliyosahau kuweka;
- kipande cha safari usichokikumbuka;
- kichwa kilichoanguka, macho yaliyofunga bila wewe kutaka.

Acha maneno kama "wakubwa hawatujali" au "wanatutumikisha". Huenda ni kweli. Lakini ukiyaandika, ripoti inahama kutoka meza ya usalama kwenda meza ya wafanyakazi, na huko itajibiwa kwa barua ya nidhamu. Manung'uniko ya mshahara na likizo yana njia yake, na yanastahili kusikilizwa huko.

### Mfano wa ripoti iliyokamilika

Huu ni wa kubuni, lakini saa zake zimepangwa kama zinavyotokea kwenye kazi zetu:

> Safari: Luano (Lubumbashi) – Mbuji-Mayi – N'djili (Kinshasa) – Luano.
> Kazi ya jana iliisha 17:30 UTC (19:30 Lubumbashi). Kuripoti leo: 04:00 UTC (06:00). Mapumziko kwenye karatasi: saa 10 dakika 30.
> Nilifika nyumbani 19:00 UTC, nikapanda kitandani 20:15. Usingizi ulikuja 22:15 kwa sababu ya joto na kelele za jenereta. Kengele iliniamsha 02:00 UTC (04:00).
> Usingizi ndani ya saa 24: saa 3 dakika 45. Ndani ya saa 48: saa 9 dakika 15.
> Mbuji-Mayi tulingoja saa 2 dakika 20 kwa sababu ya mvua ya radi, tukiwa ndani ya ndege, bila mahali pa kupumzika.
> Kutua Luano: 15:10 UTC. Nilikuwa macho saa 13 dakika 10.
> Samn-Perelli: 4 wakati wa kuripoti, 6 wakati wa kushuka.
> Kilichotokea: wakati wa kushuka sikuweka shinikizo la uwanja kwenye altimita mpaka rubani msaidizi aliponikumbusha. Mnara uliniita mara mbili kabla sijajibu. Sikumbuki kusoma orodha ya ukaguzi ya kukaribia, ingawa mwenzangu anathibitisha tuliisoma pamoja.
> Pendekezo: kazi ikiisha baada ya 17:00 UTC, kuripoti kwa kesho yake kusiwe kabla ya 06:00 UTC.

Tazama mstari wa mapumziko. Saa 10 na nusu zilitolewa, na zikazaa usingizi wa saa 3 na dakika 45. Huenda hakuna aliyevunja sheria hapo. Na uwanja wa Luano uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo altimita, yaani kipimo cha kimo cha ndege, isiyowekwa vizuri wakati wa kushuka si jambo la kusema "bahati, tumefika".

Tazama pia pendekezo: ni moja, na linaweza kutekelezwa na mpanga ratiba Jumatatu asubuhi. Ukiandika mapendekezo mengi kwa mara moja, atachagua lililo rahisi kwake.

Fomu nyingi za kwetu ziko kwa Kifaransa, na jibu litatakiwa liwe kwa Kifaransa. Ukifikiri kwa Kiswahili, andika kwanza kwa Kiswahili mistari mifupi kama hii, ndipo uhamishe. Ukianza moja kwa moja na Kifaransa cha ofisi, saa zinazama katikati ya adabu za barua.

Utajua umefanikiwa kama mwenzako asiyekuwepo siku hiyo anaweza kuisoma na kukwambia, bila kukuuliza chochote, ulilala saa ngapi na kosa lilitokea wakati gani wa safari.

## Hatua ya 6: Jina liwekwe au lisiwekwe?

Weka jina, uombe lifichwe.

Ripoti isiyo na jina kabisa inaonekana salama, lakini kwenye kampuni yenye ndege chache haikufichi. Tarehe, njia na saa vinamtaja aliyeruka. Unapoteza nafasi ya kuulizwa maswali bila kupata kinga yoyote. Ripoti ya siri ni tofauti: ofisi ya usalama inakujua, mpanga ratiba na wengine hawakujui.

Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinazitaka nchi wanachama ziwe na mfumo wa ripoti za hiari na zilinde taarifa zinazotokana nazo. Ulinzi huo haumfuniki mtu aliyefanya uzembe mkubwa au aliyekusudia. Ndiyo maana hatua ya 1 ni ya muhimu: aliyejitoa kwa wakati amesimama mahali pazuri kuliko aliyeruka akijua yuko kwenye 7.

Usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la marubani. Ikishatoka huko, usiri umekwisha, na ofisi ina sababu nzuri ya kukulaumu wewe badala ya ratiba.

## Hatua ya 7: Peleka mahali panapohusika

Anza na ofisi ya usalama ya kampuni yako. Mpanga ratiba asiwe wa kwanza, kwa sababu ndiye anayetajwa.

Ukipeleka kwa mkono, nakala ya pili irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini. Usikubali "acha hapo mezani, nitagonga kesho". Ukituma kwa barua pepe, omba namba ya ripoti. Bila muhuri au namba, kesho hutaweza kuonyesha kwamba ulisema.

Watu wanachanganya ofisi tatu za serikali, basi zishike hivi:

- RVA (Régie des Voies Aériennes) inasimamia viwanja na uongozaji wa ndege. Inaonekana kila siku pale Luano, kwa hiyo wengi wanaiendea. Ripoti ya uchovu wa rubani haina kazi kwake.
- AAC (Autorité de l'Aviation Civile), yenye makao makuu Kinshasa, ndiyo mdhibiti. Inasimamia leseni na mashirika ya ndege. Hii ndiyo ya kuandikia kampuni isipotenda.
- BPEA inachunguza ajali na matukio mazito. Rubani akishindwa kazi angani kwa sababu yoyote, hilo linaweza kuwa tukio zito, na halingoji ripoti ya hiari. Kampuni inatakiwa kulitangaza mara moja.

## Hatua ya 8: Fuatilia, na ujue wakati wa kupanda juu

Tazama kwenye kitabu cha kampuni muda wa kujibu ripoti. Kama haukuandikwa, wiki mbili zinatosha kabla ya kuuliza. Uliza kwa maandishi, mistari miwili, ukitaja namba ya ripoti.

Dalili nzuri ni maswali. Ofisi ikikuomba daftari la usingizi, au ikimwita mwenzako kuthibitisha, ujue wanafanya kazi. Dalili nzuri zaidi ni ratiba kubadilika. Jibu la "tumepokea, asante" halijamaliza kitu.

Kabla ya kwenda AAC, ngoja mambo haya yatimie: kampuni imekaa kimya au imekataa, na ratiba ileile imejirudia. Uchovu uleule ukiwapata wenzako wawili au watatu, kila mmoja aandike yake, kwa saa zake. Ripoti tatu tofauti zinazokutana kwenye njia moja zina uzito ambao barua moja yenye saini kumi haina, kwa sababu zile saini hazina usingizi ndani yake.

Bahasha ya AAC iwe na barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi Mkuu, nakala ya ripoti yenye muhuri, ratiba mbili, na mawasiliano yako na kampuni kwa mpangilio wa tarehe. Barua iombe jambo moja: uchunguzi wa ratiba ya njia fulani. Usiombe mtu aadhibiwe.

Kama umetishwa au umeondolewa kwenye ratiba baada ya kuripoti, liandike hilo kwenye karatasi tofauti, na tarehe zake. Mtafute mwanasheria au chama cha wafanyakazi kabla ya kujibu lolote kwa maandishi. Usilichanganye na ripoti ya uchovu; kila karatasi ibebe kisa chake.

Ratiba ikirekebishwa, endelea na daftari kwa mwezi mmoja zaidi ili uone kama usingizi umeongezeka kweli. Ikiwa saa bado ni zilezile, andika ripoti mpya kuanzia hatua ya 3, na juu yake uweke namba ya ile ya kwanza.